Kipaji na Bando Havijengi Biashara

Hudhuria semina yoyote ya ujasiriamali siku hizi, iwe Tanga, Mwanza au Machakos, utasikia fundisho lilelile. Mkufunzi atawauliza akina mama waliokaa mbele yake: nani ana simu janja? Mikono itanyooshwa. Nani anajua kusuka, kufuma, kudarizi au kutunga shanga? Itanyooshwa tena. Basi biashara mnayo tayari, atawaambia. Pigeni picha, wekeni mtandaoni, dunia nzima ni soko lenu. Na atakayebaki na dhiki baada ya hapo, amejitakia.

Wanasiasa wanalirudia fundisho hili majukwaani, kampuni za simu zinalitia kwenye matangazo, wafadhili wanaliandika kwenye ripoti zao. Limeenea kiasi kwamba anayelipinga huonekana anapinga maendeleo. Mimi nalipinga. Ni fundisho la makosa, na hasara ya makosa yake inawaangukia watu wasio na akiba ya kufidia hasara yoyote.

Kwanza niwape haki yao wanaoliamini. Hoja yao ina msingi. Kwa miaka mingi msusi wa Iringa au mchonga vinyago wa Wamunyu aliuza kwa mtu aliyemfuata na gari, akakubali bei aliyotajiwa kwa sababu hakujua kitu chake kinauzwa ngapi Nairobi, sembuse Berlin. Simu imemfungua macho. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, imemwezesha mteja wa Mbeya kumlipa fundi wa Tanga bila kuonana naye, na mzigo ukapanda basi siku hiyohiyo. Soko la mtandaoni la Etsy, lililoanzishwa Brooklyn mwaka 2005, limeonyesha kwamba wapo mamilioni ya watu walio tayari kulipa zaidi kwa kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Yote hayo ni kweli. Kosa linaanzia pale ukweli huo unapogeuzwa kuwa ahadi kwa kila mwenye kipaji na bando.

Dai la kwanza: mtandao umemwondoa dalali

Dalali yupo. Amebadilika sura, na siku hizi anakata chake kabla fedha haijakufikia.

Tufanye hesabu, kwa sababu semina hizi hazifanyi hesabu. Kila bidhaa unayoiweka Etsy unailipia senti 20 za dola, na baada ya miezi 4 unalipa tena hata kama haijanunuliwa. Ikinunuliwa, Etsy inakata asilimia 6.5 ya bei, na inakata asilimia hiyohiyo kwenye fedha ya usafirishaji uliyomtoza mteja. Makato hayo yalikuwa asilimia 3.5 hadi mwaka 2018 yalipopandishwa kuwa 5, kisha yakapandishwa tena Aprili 2022. Mara hiyo ya pili maelfu ya wauzaji waligoma kwa wiki nzima. Asilimia 6.5 ikabaki palepale. Zaidi ya hapo, mteja akiwa amefika dukani kwako kwa kubofya tangazo ambalo Etsy imeliweka kwenye mitandao mingine, unakatwa asilimia 15 ya jumla yote. Muuzaji mdogo anaweza kujitoa kwenye mpango huo, lakini huwa ameshaingizwa bila kuulizwa. Aliyeuza zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka hana ruhusa ya kujitoa. Kwake makato ni asilimia 12.

Tuchukue mkoba wa ukili unaouzwa dola 40, na usafirishaji dola 30. Mteja amelipa 70. Etsy inachukua senti 20, na dola 4.55, na kama kulikuwa na tangazo, dola 10.50. Jumla ni dola 15.25. Msafirishaji anachukua 30 zake. Zimebaki 24.75. Ondoa ukindu, rangi, kitambaa cha ndani, zipu na boksi, tuseme dola 6. Mkononi zimebaki 18.75, na bado sijagusa ada ya kupokea malipo wala ya kubadilisha fedha. Sasa hesabu kazi yenyewe: ukindu ukatwe, uanikwe, uchanwe, uchemshwe na rangi, usukwe ukili pima kwa pima, kisha ukili ushonwe. Nikiweka saa 25 tu, saa moja ya mama huyu imelipwa senti 75 za dola.

Dalali wa zamani alinyonya, sitamtetea. Lakini alilipa taslimu, alibeba mzigo mwenyewe, na mzigo usipouzika hasara ilikuwa yake. Wa sasa hanunui kitu. Mkoba ukipotea njiani, ukirudishwa, ukikosa mteja mwaka mzima, hasara yote ni ya msusi. Anayesifu kuondoka kwa dalali anatakiwa aeleze kwa nini tumebaki na makato yake huku zile hatari alizozibeba tumezitwika mabegani mwa aliye mnyonge kuliko wote.

Na wanaouza Instagram au Facebook wasidhani wao wamenusurika kwa kuwa hakuna makato. Posti isiyolipiwa inawafikia wafuasi wachache, na kila mwenye duka huko anajua kwamba wiki asipolipia tangazo, simu hailii.

Dai la pili: soko la dunia liko wazi

Liko wazi kwa anayetazama. Kwa anayetaka kuuza, milango ni mingi na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni malipo. Etsy inaruhusu mfumo wake wa malipo kwa wauzaji wa nchi ilizoziorodhesha tu. PayPal kwa miaka mingi imemwachia mwenye akaunti ya Tanzania kutuma fedha bila kumruhusu kupokea, wakati jirani yake wa Kenya anapokea na kuihamishia M-Pesa. Kwa hiyo mama wa Tanzania huambiwa atafute ndugu aliye ughaibuni amfungulie duka kwa jina lake. Tafuta vikapu vya Iringa mtandaoni, vile vinavyosukwa kwa milulu, uone maduka yanayoviuza yako wapi: mengi yako Ulaya na Marekani. Kikapu kimeuzwa duniani kweli. Aliyekisuka hakukiuza yeye.

Mlango wa pili ni forodha, na huu wakufunzi hawautaji kabisa. Tangu mwaka 2016 kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote, na siku zilezile mashirika mengi ya posta duniani yakaacha kupokea vifurushi vya kwenda Marekani kwa sababu hayakuwa na namna ya kukusanya ushuru. Mwenye kampuni kubwa aliajiri wakala. Mwenye duka la hereni za shanga alibaki na mzigo sebuleni. Umoja wa Ulaya nao uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo, na tangu tarehe 13 Desemba 2024 kanuni zake za usalama wa bidhaa zinataka kila kitu kinachouzwa kwa mlaji kiwe na mhusika aliyeko ndani ya Umoja huo, mwenye jina na anwani, atakayewajibika. Kanuni hiyo inamgusa mwenye kiwanda kikubwa na inamgusa msusi wa Makunduchi. Mwenye kiwanda anaye mwanasheria.

Mchongaji wa mpingo ana mlango wa ziada. Jamii ya miti ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Miaka miwili na zaidi baadaye kukatolewa nafuu kwa bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja, lakini atakayemweleza afisa wa forodha nafuu hiyo, kwa lugha yake na kwa karatasi, ni nani?

Halafu kuna jambo la kikapu kuwa kikapu. Kampuni za kusafirisha kwa haraka, DHL ikiwemo, hazitozi uzito wa mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, hugawanya kwa 5,000, na kama matokeo yanazidi uzito halisi, hutoza hayo. Kikapu cha sentimita 40 kila upande kina uzito wa kilo moja hivi. Kwa hesabu yao ni kilo 12.8. Msusi analipia hewa. Ndiyo sababu wanaofaidika na vikapu ni wale wanaovipachika kimoja ndani ya kingine, wakajaza kontena na kulipeleka kwa meli hadi ghala lililoko karibu na mteja. Hilo linataka mtaji, na hakuna picha ya simu, hata iwe nzuri vipi, itakayolikwepa.

Dai la tatu: kazi nzuri hujiuza

Dukani, labda. Mteja anakishika kitu, anakigeuza, anavuta mshono, anaona ukili ulivyokaza. Kwenye kioo cha simu anaona rangi na umbo tu, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo mashine inaviiga bila shida. Mkeka wa ukindu na mkeka wa plastiki, ikipigwa picha na mtu mwenye ustadi, inalingana kwa uzuri. Kinachobaki kuitofautisha ni bei, na hapo mkono unashindwa kila siku.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli, akafa mwaka 1972. Mtindo wake umeigwa tangu enzi hizo, na wachoraji walioufuata walau walishika brashi. Mtandaoni mwigaji hahitaji brashi. Anahitaji picha moja na printa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "kikoy" kama alama yake ya biashara, jina la vazi ambalo pwani yetu imelivaa vizazi na vizazi. Ombi lilipingwa likaanguka, lakini lilipingwa na taasisi zenye mawakili. Hakuna mfumaji mmoja mwenye akaunti ya Instagram ambaye angeliweza.

Hata soko lililojipatia jina kwa kazi za mikono lililegeza kamba. Mwaka 2013 Etsy iliwaruhusu wauzaji wake kutumia watengenezaji wa nje. Muuzaji anayefanya kila kitu mwenyewe akajikuta amepangwa rafu moja na anayebuni tu na kuwaachia wengine utengenezaji.

Nitaambiwa: basi apandishe bei, awape wateja hadithi ya kazi yake. Bei hupanda pale jina la muuzaji linapojulikana, na jina hujengwa kwa fedha na miaka. Kumwambia asiye na vyote viwili apandishe bei ni kumwambia afunge duka.

Dai la nne: oda zikijaa, umefanikiwa

Hapa ndipo ugomvi wangu na wakufunzi ulipo hasa. Wanapima mafanikio kwa idadi ya oda. Kiwandani, oda zikiongezeka gharama ya kila kipande inashuka. Katika kazi ya mkono haishuki. Mkoba wa mia moja unakula saa zilezile ulizokula wa kwanza, na pengine zaidi, kwa kuwa mgongo umechoka na macho yameanza kuuma. Kofia ya Zanzibar iliyodariziwa kwa sindano, tundu kwa tundu, inakula wiki kadhaa za mtu aliyezoea kazi hiyo, na hakuna programu itakayozipunguza.

Mtandao una mwendo wake. Unataka picha mpya kila siku, majibu papo hapo, mzigo uondoke kesho. Mteja asipojibiwa ndani ya saa moja amehamia duka jingine. Yaani tunamwambia mama huyu auze utaratibu wa mkono wake mahali ambapo mwenye kufanya taratibu anaadhibiwa. Huu ni ukinzano uliomo ndani ya fundisho lenyewe, na sijapata kumsikia mkufunzi hata mmoja akiujibu.

Zikimjia oda 60 za Krismasi anafanya nini? Atakesha, kwa wiki moja atajiona ameshinda, na wiki ya pili mshono utaanza kulegea. Ama atawagawia jirani zake ukili wasuke kwa malipo ya kipande. Hapo hesabu ile ya senti 75 inawaangukia wao: kama mwenye duka anapata hizo, jirani asiye na duka atapata ngapi? Ama atawakalisha watoto wakitoka shule. Kila njia kati ya hizi ina mtu anayeilipia, na jina lake halitokei kwenye ripoti ya mradi.

Kuna pia kazi ambayo haihesabiwi kabisa. Kupanga kitambaa cheupe dirishani wakati jua ni zuri ili picha itoke. Kuandika maelezo. Kumjibu anayeuliza "bei gani?" na akitajiwa anapotea. Kumsubiri aliyeagiza rangi maalumu, kisha simu yake haipatikani. Kumtuma bodaboda hadi mlangoni kwa mteja anayesema amebadilisha mawazo, na nauli ya kwenda na kurudi imeshalipwa. Mteja wetu anaogopa kulipa kabla ya kuuona mzigo, na ana haki, matapeli wa mtandaoni wamewaliza wengi. Muuzaji anaogopa kutuma kabla ya kulipwa, naye ana haki. Kati ya hofu hizo mbili, mwenye mtaji mdogo ndiye anayekubali kwanza, na ndiye anayeumia.

Mchana anasuka, jioni anapika, usiku anajibu meseji. Mara nyingi kinachoiweka hai biashara yake ni mshahara wa mume, au genge la nyanya, au zamu yake ya upatu ikifika. Ruzuku hiyo ya nyumbani ikikatika, duka linakufa mwezi huohuo. Sisi tunaliita duka hilo mafanikio kwa sababu lina wafuasi 8,000, na tunaacha kumuuliza mwenye duka swali moja la adabu: mama, mwezi uliopita kilibaki nini?

Dai la tano: mbona wengine wameweza?

Wameweza, na tuangalie walivyoweza. Kazuri ya Nairobi ilianza mwaka 1975 na wanawake wawili wakifinyanga shanga za udongo, muda mrefu kabla ya intaneti, ikakua kwa kuwa na kiwanda, ajira na jina moja. Vikapu vya Rwanda viliingia maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005 kupitia Gahaya Links, kampuni iliyowakusanya wasusi wengi, ikawafundisha vipimo vya aina moja, na ikawa na mnunuzi mkubwa upande wa pili aliyeagiza kwa jumla. Soko, kampuni ya mapambo iliyoanzia Nairobi, inatumia simu kweli, lakini simu hizo zinampelekea fundi oda na malipo. Kumtafuta mteja, kupiga picha, kusafirisha na kushughulika na forodha ni kazi ya kampuni. Katika mifano yote mitatu fundi ameachwa afanye kazi ya fundi.

Wakufunzi wanaitaja mifano hii kuthibitisha fundisho lao. Inathibitisha kinyume chake.

Na hata kwa walioweza, kuna suala la usalama wa kujenga duka kwenye mtandao wa mtu mwingine, na hapo nitasema machache. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mwenye duka la barabarani alikuwa na mteja jirani. Aliyehamishia kila kitu kwenye simu hakuwa na lolote.

Nani anafaidika na fundisho hili?

Kampuni ya simu inauza bando, msusi auze asiuze. Mkufunzi analipwa posho yake siku ya semina. Halmashauri inaandika kwamba wanawake kadhaa wamejiajiri, na kwa kuandika hivyo inajivua wajibu wa kujenga ghala, barabara na banda la soko. Kila mmoja kati ya hawa amelipwa kabla mkoba wa kwanza haujauzwa. Na msusi akishindwa, fundisho limeshaandaa wa kulaumiwa: ni yeye, hakupiga picha nzuri, hakupost kila siku, hakujituma. Lawama hii ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Tumewachukua watu wanaofanya kazi kwa bidii kuliko karibu mtu yeyote ninayemfahamu, tukawaaminisha kwamba umaskini wao ni uvivu.

Sisemi simu zizimwe. Nasema fedha na juhudi ziende panapobana. Tanzania halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: 4, 4 na 2. Mikopo hiyo inatolewa hasa kwa vikundi. Kikundi kinaweza kuajiri kijana mmoja wa mauzo ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwa na jina moja lililosajiliwa, kutuma mzigo mmoja mkubwa badala ya vifurushi 40, na kuingia mkataba na hoteli za Zanzibar, Arusha au Mombasa ambazo leo zinaagiza mapambo kutoka nje. Mteja wa jumla aliye saa tatu kwa basi ana thamani kuliko wafuasi 8,000.

Kwa maofisa wa maendeleo ya jamii, na wafadhili wanaowapa fedha: kabla hamjaita semina nyingine ya kuuza mtandaoni, andikeni kwenye karatasi moja saa zinazotumika kutengeneza kitu hicho, gharama ya kukifikisha kwa mnunuzi, jina la atakayelipa ushuru, na kiasi kitakachobaki kwa kila saa ya msusi. Kama kiasi hicho ni chini ya kibarua cha shambani, semina hiyo msiiite.

Nawe unayesuka, weka daftari mwezi huu. Andika saa zako zote, pamoja na za kujibu simu usiku. Ukifika mwisho wa mwezi, gawanya kilichobaki kwa saa hizo, na jibu utakalolipata ulipeleke kwenye mkutano wa kijiji ukalisome mbele ya diwani.